Kochi akisema kaza, legeza mkanda wa mbele

Dakika ya 18 ya darasa la spini, lile la baiskeli za ndani zisizotoka mahali. Naikumbuka vizuri kwa sababu pale jimu saa ya ukutani iko juu ya kioo mbele na mi nilikuwa naitazama kila wimbo ukibadilika. Mguu wa kulia ulianza kuwaka moto chini, pale kabla ya vidole, moto ukazidi, ukageuka visindano vidogo vidogo, alafu kimya. Vidole vitatu vya kati sivisikii kabisa, nikivikunja sijui kama vimekunjika, nakanyaga pedeli kama nimefungiwa kipande cha mti. Na kochi anapiga kelele kaza, kaza, kazaaa, muziki uko juu, watu jasho linawatiririka, na mi kwa kuwa mguu siusikii nikaamua basi kiatu kitakuwa kimelegea, kwaiyo wimbo ulipoisha nikainama nikavuta mkanda wa mbele mpaka mwisho.

Nilifanya hivyo miezi mitatu. Ganzi inakuja mapema, nakaza, darasa linalofuata inakuja mapema zaidi, nakaza tena. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambae leo jioni ataingia kwenye spini akiwa na hali hiyo hiyo na kila anaemuuliza anamwambia vumilia utazoea. Sio kitu cha kuzoea jamani. Hii ni neva inabanwa, na neva ikibanwa mwaka mzima haikuzoei, inaumia.

Si mnajua kwetu mtu akisema mguu unakufa ganzi kila mtu ana jibu mkononi. Shoga yangu wa baiskeli ya jirani akasema damu haifiki, mwalimu mwenzangu akasema upungufu wa vitamini, mama mdogo akasema hiyo baridi yabisi inaanza acha hayo mazoezi ya kizungu. Wote walisema kwa kunipenda na mi nikafuata, nikanunua vidonge, nikawa nachua miguu na maji ya moto usiku. Majibu yote yalikuwa yanahusu mwili wangu, hakuna hata mmoja aliesema hebu lete hicho kiatu tukiangalie.

Kilichonifumbua macho ni ratiba. Nilikuwa naenda Jumatatu na Alhamisi jioni, saa kumi na mbili na nusu, na Jumamosi asubuhi saa moja. Baada ya muda nikaona kitu: jioni ganzi inafika dakika ya 18, siku nyingine ya 15, lakini Jumamosi asubuhi nafika mpaka dakika ya 30 ndo inaanza. Damu ni ile ile, vitamini ni zile zile, baiskeli naikaliaga ile ile ya pembeni karibu na feni. Sasa tofauti ni nini? Mimi ni mwalimu wa sekondari, siku za kazi nasimama toka saa mbili asubuhi, vipindi vitano au sita, alafu daladala nasimama tena, na hapa ni Dar, joto mnalijua. Nikivua soksi jioni zimenichora mguu mzima. Mguu unaoingia kwenye kiatu Alhamisi jioni sio mguu unaoingia Jumamosi asubuhi, umevimba, na kiatu hakijavimba nao.

Hapo nikaacha kuuliza nina ugonjwa gani nikaanza kuuliza ndani ya kile kiatu kuna nini.

Mguu mmoja una mifupa 26. Mitano kati ya hiyo ni mirefu, inatoka katikati ya mguu kwenda mbele, mmoja mmoja kwa kila kidole, na ukijibonyeza chini ya wayo pale mbele unavisikia vichwa vyake kama vigololi. Katikati ya mifupa hiyo zinapita neva ndogo zinazoenda kwenye vidole. We fikiria ukuta wa fito, alafu mtu kapitisha waya kati ya fito na fito. Fito zikiwa na nafasi waya uko salama, ukizisukuma fito pamoja waya unafinywa. Sasa kiatu chembamba kinazisukuma kutoka pembeni, mkanda wa mbele unakandamiza kutoka juu, pedeli inasukuma kutoka chini, na hiyo neva haina pa kukimbilia. Inayoteseka zaidi mara nyingi ni ile ya kati ya kidole cha tatu na cha nne. Ikifinywa muda mrefu inaweza kuvimba ikawa nene, unakanyaga unahisi kama kuna kijiwe ndani ya kiatu na hakuna kijiwe, hali hiyo wanaiita neuroma ya Morton, kwa jina la daktari mpasuaji wa Philadelphia, Thomas Morton, alieieleza mwaka 1876. Miaka hiyo hakuna mtu alikuwa anafanya spini. Viatu vya kubana vilikuwepo lakini.

Ile ganzi ya juu ya mguu, ya kati ya kidole gumba na kinachofuata, hiyo mara nyingi ni mkanda wa juu au kamba zimekazwa, kuna neva inapita pale juu karibu kabisa na ngozi. Kwaiyo hata ganzi yenyewe inakuelekeza, we angalia tu imekaa wapi.

Swali lingine lililonisumbua ni kwa nini spini hasa. Nimetembea sana maishani, nimecheza netiboli shuleni, sijawahi kufa ganzi. Kumbe spini ina mambo yake. Mchezo wenyewe ulianzishwa na Johnny Goldberg, mzaliwa wa Afrika Kusini alieishi California, mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuwa mwendesha baiskeli wa masafa marefu akajitengenezea baiskeli ya kufanyia mazoezi ndani. Baiskeli za namna hii nyingi zina gurudumu zito lililoungana moja kwa moja na pedeli, gurudumu likizunguka na miguu inazunguka, hakuna kuteleza. Barabarani ukipata mteremko unaacha kukanyaga, unaning'iniza miguu, unasimama kwenye mataa, kiatu kinapumua, upepo unapoza mguu. Kwenye spini mguu haupati hiyo likizo. Nimepiga hesabu mwenyewe, dakika 45 kwa mizunguko kama 85 kwa dakika ni mara 3,800 na zaidi, kila mguu, pale pale, chumba kimefungwa, upepo ni wa feni moja. Siku hiyo niliyopiga hesabu nilikaa kimya kidogo maana nilikuwa nauuliza mguu wangu kwa nini unachoka wakati nimeuweka kwenye kibano uhesabu mpaka 3,800.

Tuje kwenye viatu vyenyewe. Vyangu vya kwanza nilivitoa soko la Karume, mtumba, vya Shimano, kampuni ya vifaa vya baiskeli, vyeupe, soli haijakwaruzika hata kidogo, vina kliti zake chini, vile vipande vya kunasia kwenye pedeli. Dukani vipya ni hela ambayo mshahara wa mwalimu haukubali kirahisi, kwaiyo elfu 40 niliona nimeokota dhahabu. Namba 39, namba yangu ya siku zote. Nilipovijaribu vilinibana pembeni na muuzaji akasema dada hivyo vitatanuka, na mi nikaamini maana viatu vya ngozi si ndo vinavyofanyaga. Siulaumu mtumba hata leo, kiatu kilikuwa kizuri, hakikuwa cha mguu wangu basi. Soli ya kiatu cha baiskeli ni nailoni ngumu au kaboni, inatengenezwa makusudi isipinde, na kitu kisichopinda hakitanuki. Juu panaweza kulegea kidogo, chini hapaongezeki hata milimita moja.

Na mguu wenyewe haukuwa wa 39 tena. Nilikuwa nimezaa, na wanawake wengi mguu unalala kidogo kipindi cha ujauzito, lile bonde la chini linashuka na mguu unarefuka na haurudi. Namba yangu ya siku zote ilikuwa namba ya nikiwa na miaka 24.

Kuna jaribio dogo ambalo natamani ningelijua siku ile pale Karume, halina gharama na linafanyika kwenye kiatu chochote. Toa ile soli laini ya ndani, iweke chini, simama juu yake uzito wote, peku. Angalia pembeni. Kama nyama ya mguu inamwagika nje ya soli, basi hicho kiatu kinakubana, muuzaji aseme anavyosema. Mimi upande wa kidole kidogo nilimwagika karibu upana wa kalamu, miguu yote miwili. Na fanya jioni, ukitoka kazini, mguu ukiwa umevimba kama unavyokuwaga darasani. Simama, usikae, maana mguu uliobeba mwili unapanuka kuliko ulioning'inia. Alafu vaa soksi ile ile utakayoendeshea. Soksi nayo ni habari, mi nilikuwa navaa za pamba nene nikidhani nalinda mguu kumbe nazidi kujaza kiatu, na pamba ikilowa jasho inakuwa nzito inakunjana chini ya vidole. Soksi nyembamba ya michezo inatosha kabisa.

Sasa kliti. Hiki ni kile kipande kinachofungwa chini ya kiatu kinachonasa kwenye pedeli. Kabla yake watu walikuwa wanaingiza mguu kwenye kikapu cha chuma wanafunga na mkanda. Kampuni ya Ufaransa, LOOK, ambayo ilikuwa inatengeneza vishikio vya viatu vya kutelezea kwenye theluji, ikaleta pedeli ya kunasa mwaka 1984, na mwaka uliofuata mwendesha baiskeli Bernard Hinault akashinda mashindano ya Tour de France nazo, kila mtu akataka. Shimano wakaja na SPD mwaka 1990, kliti ndogo ya chuma yenye skrubu mbili, kwa ajili ya baiskeli za milimani, mtu akishuka aweze kutembea. Baiskeli za jimu nyingi zinakubali hii ndogo, upande mmoja SPD, upande wa pili kikapu kwa aliekuja na raba. Kuna baiskeli zinataka ile ya skrubu tatu, kwaiyo kabla hujanunua kiatu pindua pedeli ya jimu yako uione.

Watu wanasema kliti ndogo ndo inaleta ganzi kwa sababu nguvu yote inapita sehemu ndogo. Nina mtazamo tofauti. Ikiwa soli ni ngumu, ile soli inasambaza nguvu mguu mzima, hutajua hata kliti iko wapi. Ikiwa soli ni laini, hapo ndo utaisikia kliti kama umekanyaga kokoto. Ushahidi wangu ni kwamba leo natumia kliti ndogo ile ile, zile zile nilizozikuta kwenye kiatu cha Karume, nilizihamisha.

Ukubwa wa kliti haukuwa tatizo, kosa langu kubwa lilikuwa pale zilipokaa. Alievivaa kabla yangu alizifunga mbele kabisa, karibu na vidole, na mi sikujua hata kama zinasogezwa. Kwaiyo kila nikikanyaga uzito mwingi unatua juu ya vile vichwa vya mifupa, hapo hapo neva zinapopita.

Hapa lazima nimtaje baba. Nimekulia Shinyanga, na Shinyanga mnaijua kwa baiskeli. Baba alikuwa na Phoenix nyeusi, anatoka kijijini mpaka mjini na gunia la mpunga nyuma, anarudi jioni na mahitaji ya nyumbani, na siku nyingine mama kakaa kwenye keria. Nilipokuwa nasoma mambo ya kliti nikawa naona mguu wake. Alikuwa anavaa katambuga, zile za tairi, na alikuwa hakanyagi pedeli kwa mbele kama tunavyofundishwa jimu, alikuwa anakanyagia katikati ya mguu, pedeli iko chini ya bonde la wayo. Nikampigia. Shikamoo baba. Marahaba mama, hamjambo huko. Nikamuuliza baba hivi zile safari za mjini vidole vilikuwa vinakufa ganzi? Akashangaa swali. Akasema mikono ndio, kwenye usukani, na makalio, barabara ya rafu ile, lakini miguu hapana. Nikamuuliza kwa nini ulikuwa unakanyagia katikati. Akasema, mama, vidole ni vya kushikia njia, gunia unalibeba kwa mguu mzima.

Nimeifikiria sana hiyo sentensi. Katambuga ile ilikuwa ngumu, tairi halipindi kirahisi. Mbele iko wazi, vidole vinatanuka vinavyotaka. Na mzigo unatua nyuma ya vile vichwa vya mifupa. Mzee alikuwa hana habari ya neva wala Morton, alikuwa ana mwili wake na barabara ya rafu na miaka mingi ya kusikiliza kinachouma na kisichouma.

Basi Jumapili moja nikakaa barazani na alenki, ule ufunguo wa pembe sita, ya milimita 4. Skrubu zilikuwa zimeganda kutu kwa jasho, nikatia mafuta ya cherehani nikaacha nusu saa zikalegea. Kabla hujasogeza chochote chora kuzunguka kliti na kalamu ya wino, ili ukikosea ujue kwa kurudi. Nikavaa kiatu, nikatafuta kwa kidole ule mfupa unaojitokeza nyuma ya kidole gumba, nikaweka alama nje ya kiatu, nikatafuta na ule wa upande wa kidole kidogo, ambao uko nyuma zaidi, nikaweka alama ya pili. Kliti yangu ilikuwa mbele ya alama zote mbili. Nikairudisha nyuma milimita 5 kuelekea kisigino. Viatu vingi vya SPD vina mfereji wa kusogezea na matundu ya akiba nyuma yake, ukiona imegoma angalia matundu, usilazimishe. Alafu kaza kisawasawa, maana hapa ndo mahali pekee ambapo kukaza kunatakiwa. Shimano wanataja Nm 5 hadi 6, hicho ni kipimo cha nguvu ya kukazia skrubu, fundi baiskeli mwenye spana ya kipimo atakusaidia. Kliti ikilegea inazunguka chini ya kiatu na mguu unagoma kutoka kwenye pedeli, na gurudumu la spini halisimami kwa kuacha kukanyaga, unabonyeza breki chini ndo linasimama. Baada ya darasa la kwanza kagua tena.

Alhamisi ile ganzi ilikuja dakika ya 31. Nilishuka kwenye baiskeli nikawa nacheka mwenyewe kama nimeshinda kitu. Wiki iliyofuata nikarudisha tena milimita 3, siti nikaishusha kidogo, maana ukisogeza kliti nyuma ni kama umepunguza urefu wa mguu. Wapo wanaosema kliti ikiwa nyuma sana unapoteza nguvu ukisimama kwenye pedeli unakimbia. Inawezekana kwa mshindani, mi na wenzangu wa jimu yetu ya Mikocheni hatushindani na mtu, tunataka kumaliza darasa na vidole vyote kumi.

Ilibaki upana. Viatu vile niliviuza, nikamwambia ukweli alienunua, ana mguu mwembamba vimemkaa kama vyake. Nikachanga miezi minne nikanunua vipya namba 41 pana. Shimano wenyewe wanatengeneza baadhi ya modeli kwa upana wa kawaida na mpana, kampuni ya Lake nao wanajulikana kwa viatu vya miguu mipana, shida ni kuvipata hapa, mi nililetewa na mtu alietoka nje. Kama hiyo haiwezekani usikate tamaa, fundi viatu mzuri ana kalibu ya mbao, anaweza kuvutia juu ya kiatu usiku mzima kikaongezeka kidogo pale kidole kidogo kinapogusa. Kidogo tu lakini, nimeshasema soli haiongezeki. Kitu kingine fundi alichonisaidia ni kipande kidogo cha sponji ngumu chini ya soli ya ndani, umbo la yai, kinakaa nyuma ya vile vichwa vya mifupa sio chini yake. Kinainua mifupa kidogo inaachana, neva inapata nafasi. Ukikiweka mbele sana ndo umejimaliza, unaongeza kijiwe pale pale panapouma. Kianzie nyuma, vaa, tembea, kisogeze kidogo kidogo.

Na tabia. Hii sikutegemea. Siku moja kochi alizima muziki kwa bahati mbaya nikajigundua ndani ya kiatu nimekunja vidole nimeng'ang'ania soli kama kuku kwenye mti. Nilikuwa nafanya hivyo kila mara ugumu wa pedeli ukiongezeka, bila kujua. Sasa kila wimbo ukianza nachezesha vidole kwanza. Pia nilikuwa naongeza ugumu kupita kiasi, naona fahari, miguu inazunguka taratibu kwa nguvu kubwa na kila mzunguko ni uzito mzima kwenye kiatu. Mwongozo wa Spinning wenyewe unasema tambarare mizunguko 80 hadi 110 kwa dakika, mlima 60 hadi 80, mi nilikuwa kwenye 50 nadhani ndo ushujaa. Na siti ikiwa juu sana mguu unajinyoosha kutafuta pedeli, unakanyaga na vidole, kwaiyo unaweza ukanunua kiatu cha milioni na ganzi ikabaki. Pedeli ikiwa chini kabisa goti libaki limekunja kidogo, kisigino kisilazimike kupanda.

Anaekuja na raba, na ndo wengi wetu, raba ya kukimbilia ni laini makusudi, inajipinda juu ya pedeli. Ingiza mguu ndani zaidi kwenye kikapu kuliko ulivyozoea, pedeli iwe nyuma kidogo ya vile vigololi. Mkanda wa kikapu ushike tu, usinyonge. Chagua raba yako ngumu kuliko zote, hata kama sio nzuri. Kamba zianze kulegea kule karibu na vidole, kaza juu karibu na kifundo cha mguu, kisigino kisipande. Hata kwenye kiatu cha mikanda ni hivyo hivyo, mkanda wa mbele ni wa kufungia tu, wa juu ndo unashika mguu.

Lakini kuna mama mmoja darasani kwetu, mtu mzima, tunamwita mama na anatuita wanangu. Nilipoanza kutangaza habari za kliti akaja nimsogezee za kwake. Nikasogeza, nikaweka sponji, ganzi haikubadilika. Nikamuuliza vizuri akasema yeye ganzi anayo hata usiku kitandani, miguu yote miwili, kuanzia kwenye vidole inapanda, na siku moja alikanyaga msumari akaona damu ndo akajua. Nikamwambia mama hiyo sio ya baiskeli, kapime sukari. Akapima, ilikuwa juu sana. Kisukari kinaharibu neva za miguu kimya kimya. Kwaiyo naomba hapa mnisikilize kwa makini: ganzi ya kiatu inaondoka dakika chache baada ya kuvua. Isiyoondoka, inayokuja umelala, ya miguu yote bila sababu, au inayoanzia kiunoni na kushuka pajani, hiyo ipeleke kwa daktari wiki hii hii, usiitafutie alenki.

Ile ganzi ya kwenye nyama za kukalia na sehemu za siri ni habari ya siti na inahitaji makala yake, ila nayo usiivumilie.

Leo ni mwaka na miezi kadhaa. Namaliza dakika 45 navisikia vidole vyote, isipokuwa kile kidogo cha kulia. Joto la Februari likikolea na nimesimama vipindi sita, dakika ya 40 kinaanza visindano. Kochi akitupa wimbo wa kunywa maji nainama nafungua mkanda wa mbele kabisa, nauacha unaning'inia, nachezesha vidole, na naendelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Shoga yangu wa baiskeli ya jirani na yeye sasa anafungua wa kwake.